Omonie wa lopitali (pasta ao padri wa kutembelea bagonjwa) kazi yake ni nini kabisa? Mama amelazwa na batu ba maombi bako nachanganya kila kitu

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Jambo bandugu. Niko na swali, naomba mutu mwenye anajua mambo ya lopitali anisaidie, lakini tafazali tusianze kutukanana juu ya dini, ile tuko nayo ya kutosha kwetu ku nyumba.

Mama yetu ako ku lopitali hapa Bukavu, sitasema ni gani. Ni mugonjwa wa sukari wa zamani, alipata kidonda ku muguu kikakataa kupona, banganga banasema tungechelewa kidogo bangekata kidole ao hata muguu. Kwa sasa bako namupa insulini na antibiotiki, bako nabadilisha pansema (bandeji ya kidonda) kila asubui, na kidonda kimeanza kuonesha nyama ya mwekundu muzuri. Kwa upande wa dawa hatulalamike, shida yetu iko ku batu.

Dada yetu mukubwa anasali mu chumba moja ya maombi, na tangu mama alazwe banakuyaka mangaribi batu sita saba, banazunguka kitanda, banaanza kufukuza pepo kwa sauti ya juu, na ile sale (chumba ya bagonjwa) iko na bitanda munane, kila kitanda na mugonjwa na gardemaladi wake (ndugu wa kumuangalia). Kitanda ya jirani kuko mumama alipasuliwa tumbo, bakianza kupiga makofi ule mama anajifunika shuka mupaka ku kichwa. Sasa juzi juzi mutumishi wao akasema alioneshwa kama sukari ya mama ilitumwa na mutu wa ukoo, kwa hiyo mama aache insulini, afunge siku tatu, anywe paka maji ya baraka. Mama hakusema kitu. Bamemupiga sindano yake ya mangaribi kama kawaida, chakula nimeleta, akasema ameshiba, mi nikaamini. Usiku anfirmie (muuguzi) alimukuta anatetemeka, jasho baridi imelowesha kanga yote, anaongea maneno haieleweke, bakakimbia kumuwekea seromu (dripu) ya sukari. Kumbe alikuwa ameanza kufunga kwa siri.

Kaka yetu naye ni mukatoliki wa kweli kweli, anasema hii yote ni juu mama aliacha kanisa yake, tuite padri amupake mafuta. Mi ninaogopa. Mama akiona padri na stola (ile kitambaa ya shingoni) na ile mafuta si atasema amesha kufa?

Ile asubui anfirmie akaniambia lopitali iko na omonie, niende kumuona. Sasa ule omonie anafanyaka nini kabisa? Nani anamulipa, ao ataongeza ku fakitire (bili ya lopitali)? Banasema ni muprotestanti, mama alibatizwa mukatoliki, miaka ya mwisho anasali na dada, sasa atamuhesabu wa wapi? Na namna gani naweza kusimamisha ile kelele bila kuvunja ukoo, juu dada njo mwenye analipa sehemu kubwa ya fakitire, kila mutu kwetu anajua na ye anajua kama tunajua.

Anfirmie_Goma

Pole sana ndugu. Mimi ni muuguzi hapa Goma, nafanya ku sale ya wanawake waliopasuliwa, hayo unayoandika naona kila juma.

Kwanza insulini, juu hiyo haingoji. Mutu akipigwa insulini asikule, sukari inaanguka, anaweza kuzimia usiku na watu wanafikiri amelala muzuri. Akiacha insulini kabisa, sukari inapanda, damu inakuwa na asidi, anaanza kutapika, anapumua haraka na kwa nguvu, na hapo wale wa maombi wanashangilia kwamba pepo iko inatoka. Pepo haitoki, ni mugonjwa anaenda. Muambie mama yako kwa upole lakini wazi: kama kuna siku anataka kufunga, aseme kwa daktari KABLA ya sindano. Asiogope, hatutamugombeza. Na wewe ukae pale mupaka ameze tonge, usikubali "nimeshiba".

Pili kidonda. Angalia mutu asiweke kitu. Asubui moja nilifungua pansema ya bibi mumoja, kompresi yote imelowa mafuta ya kupikia yenye wameongeza marashi, na mu kidonda kwenyewe kuna chembe za chumvi. Ananiambia mutumishi alisema nisiguse mupaka siku ya saba. Kusafisha ile kitu bibi analia, mimi nalia, dokta anafoka. Kichupa kilikuwa chini ya mto.

Watu wasiseme wauguzi tunachukia maombi. Kwetu kabla ya kupokezana zamu asubui tunaimba na kusoma neno. Huku Kivu lopitali nyingi kubwa ni za makanisa: Panzi yenu hapo ni ya CEPAC (wapentekoste), Hôpital Provincial ya Bukavu iko na jimbo kuu katoliki, hapa Goma CBCA (wabaptisti) iko na Ndosho na Virunga, Charité Maternelle ni ya wakatoliki. Ukitoa makanisa hapo, sijui watu wangetibiwa wapi. Mwezi wa kwanza 2025 wakati vita iliingia mujini, Ndosho ilijaa majeruhi mupaka wengine wanalazwa chini na mu mahema, na watu waliokuja kushika mikono ya wale vijana wakati wa kubadilisha pansema, wengi walikuwa watu wa kanisa. Hawakupiga kelele hata mumoja.

Lakini sisi wa Goma tuko na sababu ya kuogopa mikono. Mukumbuke 2019. Mugonjwa wa kwanza wa Ebola kupatikana hapa mujini, mwezi wa saba, alikuwa pasta aliyetoka Butembo na basi, na kule alikuwa amehubiri na kuwekea watu mikono, hata wagonjwa. Ebola ile ya Kivu na Ituri ilikuja kuisha mwezi wa sita 2020, wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Na hapo hapo niseme kweli yote: ni mapasta, mapadri na maimamu waliotusaidia, walipoanza wenyewe kunawa mikono mbele ya watu na kusema familia isimame mbali iombe wakati wa kuzika, ndipo mahali pengi walianza kutupokea.

Sasa kwa kelele, usiongee wewe. Enda kwa shefu wa sale asubui, baada ya daktari kupita. Muombe yeye aweke sheria kwa sale nzima: wageni wawili kwa kitanda, sauti ya chini, hakuna kugusa dawa wala kidonda. Ikitoka kwa shefu wa sale, dada yako atanunia lopitali, hatakununia wewe.

Kasuku_Nyawera

Mi ninaulizaka tu. Hawa wa kufukuza pepo kwa makofi, mbona banapendaka sale yenye iko na batu wengi? Ku reanimasio (kwa mahututi) hapana, kwa batoto bachanga hapana, saa nane ya usiku pia hapana, paka saa ya wageni 😂

Mwana_Kadutu

@Kasuku_Nyawera umeniangusha bana, nimecheka mu sale bakaniangalia vibaya. @Anfirmie_Goma aksanti sana, nilitazama chini ya mto, chupa iko, nimeitosha pale, nimeiondoa. Shefu wa sale nitamuona kesho. Lakini juu ya padri na juu ya omonie hakuna amejibu.

Katekista_Bagira

Juu ya padri nijibu mimi. Ule woga wa mama yako ni wa wazazi wetu wote, juu zamani padri alikuwa anaitwa saa ya kukata roho, hata jina lilikuwa mpako wa mwisho. Mtaguso wa Vatikano ulibadilisha hiyo 1963 mu hati ya liturujia, na Papa Paulo VI akatoa taratibu mpya 1972. Leo ni Mpako wa Wagonjwa. Ni wa mutu mwenye ugonjwa muzito, ao muzee mwenye nguvu zimepungua, ao mwenye anaenda kupasuliwa, na akipona akaugua tena anapakwa tena. Kwetu ku parokia tunafanya 11 mwezi wa pili, siku ya wagonjwa duniani yenye Yohane Paulo II aliweka, bazee banakuya na miguu yao, banapakwa, banarudi kwao kula bugali na sombe.

Padri anapaka ku paji la uso na ku mikono. Hagusi kidonda, hasemi acha dawa. Akisema acha dawa, kuya uniambie mimi.

Ila kitu moja kaka yako asiruke: mama ako na akili yake, anaongea, sasa ye mwenyewe alisema nini? Mu hii historia yote umetuambia dada anataka nini, kaka anataka nini, weye unaogopa nini. Padri mwenye anajua kazi yake ataomba nyote mutoke inje, amuulize mama peke yake.

Mwana_Kadutu

Katekista umenipiga hapo. Hatuyamuuliza.

Omonie_Mustaafu (Uvira zamani, sasa Bukavu)

Nimesoma yote polepole. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi mu lopitali ya kiprotestanti, sasa nimepumzika, magoti yamekataa ngazi.

Unauliza omonie anafanya nini. Asubui naenda kwanza ku meza ya wauguzi, nauliza nani aliingia usiku, nani anaenda bloku (chumba cha upasuaji) leo, nani hana mugeni tangu alazwe. Huyo wa tatu ndiye naanzia. Nafika pa kitanda, nasalimia, nauliza "naweza kukaa?" Akisema hapana, naenda, na kesho napita tena namusalimia tu. Akisema ndiyo, natafuta kiti, juu mutu mwenye amelala hapendi kuongea na mutu amesimama juu yake sawa polisi. Kisha nanyamaza. Vijana wa sitaji kazi hiyo ya kunyamaza ilikuwa inawashinda wote, wanafungua Biblia mbele hata ya kujua jina.

Na wagonjwa hawaanzi na Mungu. Wanaanza na fakitire. Watoto wamebaki na nani. Bwana aliyesema anaenda kutafuta pesa ku machimbo ya Kamituga na simu haipite. Kuna mama walimutoa mimba imeharibika na kila mutu anayeingia anamuambia "Mungu atakupa mwingine", sasa anaogopa hata kulia. Kuna wale wamepona kabisa lakini wamezuiliwa juu ya deni, wanalala ku koridoo, hao omonie ndiye anazunguka nao kwa shefu wa fedha na kwa makanisa kuombaomba. Mbele ya jua kuchwa labda nimeomba na watu wanne ao watano, wenye waliomba wenyewe. Wengine tuliongea mambo ya mbuzi.

Muganga mumoja wa Uingereza, Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's kule London 1967 kwa ajili ya wagonjwa wasiopona, alifundisha kwamba maumivu ya mutu ni ya mwili, ya roho, ya familia na ya mufuko pamoja, ukituliza moja na kuacha zingine mutu hatalala. Hata Shirika la Afya Duniani likieleza matunzo ya wagonjwa wa namna hiyo linataja ya kiroho wazi. Sisi huku hatukuwa na haja ya kufundishwa hiyo ya familia na mufuko, lakini ilinisaidia wakati dokta vijana walikuwa wanauliza "pasta, unatafuta nini ku dosie yangu?"

Malipo. Mu lopitali ya kanisa, kanisa ao lopitali inamulipa, na ni kidogo. Mu lopitali za serikali mara nyingi ni pasta ao padri ao sista wa karibu anakuja kwa kujitolea. Mugonjwa halipi. Kama mutu anajiita omonie na anaomba sadaka pa kitanda, uliza jina lake ku ofisi ya direksio.

Kuhusu kanisa ya mama, haituhusu. Katiba yetu artikulo ya 22 inampa kila mutu uhuru wa dini, na omonie wa lopitali si wa kuvua samaki kwa waliolala chali. Nimeita padri mara nyingi sana, nimeita imamu, nimekaa na Shahidi wa Yehova aliyekataa damu, kazi yangu haikuwa kumugeuza, ilikuwa kuhakikisha daktari amemueleza vizuri hatari na kwamba ni yeye anakataa, si mujomba wake amesimama mulangoni.

Na mupaka ni moja: omonie haguse dawa. Dokta Mukwege wa lopitali ya Panzi mwenyewe anasimulia kwamba alipokuwa mutoto alifuatana na baba yake, aliyekuwa pasta hapa Bukavu, kuombea mutoto mugonjwa. Akamuuliza baba, mbona umeomba tu na haukumupa dawa? Baba akamujibu kwamba yeye hakuwa muganga. Mimi nampenda huyo baba kuliko wahubiri wote wa redio. Hakusema dawa haina kazi, wala hakujifanya anajua. Na mutoto akaenda kusomea ile yenye baba hakuweza.

Dada yako usimufukuze. Ana woga kukushinda, juu analipa na haoni mwisho. Omba omonie amuite na yule mutumishi wake, wakutane inje ya sale, wapewe kapela ao kivuli chini ya avoka waimbe huko mupaka wachoke, kisha waingie wawili wawili wamushike mama mukono. Wengi wanakubali. Mwenye hakubali anaonesha kile alikuja kutafuta.

Bin_Kasongo

Asalam alaykum. Sisi ni waislamu na baba yetu alilazwa mu lopitali ya kanisa kwa muda mrefu, kwa hiyo niseme ile niliona.

Omonie wa pale, mprotestanti, alikuja siku ya kwanza akauliza mzee anaswali wapi. Tukamuambia kibla, kwa hapa Bukavu ni kaskazini ukiinamisha kidogo mashariki. Akaenda mwenyewe kuomba wauguzi wageuze kitanda, na walikigeuza, ilikuwa tu kusogeza mti wa seromu. Mzee hakuweza kutia maji ku mkono wenye sindano, akamuletea jiwe safi la kutayamamu, sijui aliulizia wapi. Ramadani ikaingia mzee anataka kufunga kwa nguvu na dokta anakataza, omonie hakubishana naye hata neno, aliita imamu, imamu akamsomea ile aya ya Bakara, mgonjwa na msafiri watalipa siku zingine. Mzee akanywa uji mbele yetu, amekasirika lakini amekunywa.

Ila kuna usiku kikundi kiliingia, si cha lopitali, wageni wa mgonjwa mwingine. Wakamaliza kwa mgonjwa wao wakageukia kitanda cha baba, wakamuwekea mikono ku kichwa wakisema aokoke. Mzee ana sonda (mpira) puani, hawezi kusema. Alikuwa anatikisa kidole tu, kidole cha shahada. Nilifika wamesha anza wimbo. Mpaka leo nikikumbuka kile kidole damu inachemka. Kwa hiyo @Mwana_Kadutu sheria ya shefu wa sale iombe haraka, na haitakuwa kwa ajili ya mama yako peke yake, yule jirani anajifunika shuka naye ana haki.

Mukatanga_Kamalondo (Lubumbashi)

Miye nko Lubumbashi, ntasema ya huku. Omonie ule wa juu naona ni mutu muzuri, lakini benye siye tunaonaka huku hapana bote vile. Kuko benye banatembeaka mu ma sale na kakaye (daftari), banaandika jina na namba ya simu ya mugonjwa, ukitoka tu ku lopitali njo banaanza kukuita, kuya utoe ushuhuda, kuya na sadaka ya shukrani. Bamama benye bametoka kuzala njo banapenda zaidi, juu mumama mwenye alikuwa anaogopa kufa atatoa kila kitu. Njo maana miye mutu wangu akilala, pasta yote anangojea inje.

Na batu ba huku ukibaambia lopitali banakujibu nabii Simon Kimbangu, eti aliponyesha batu kule Nkamba 1921 bila sindano. Sawa. Batu bakaacha kazi na lopitali bakamukimbilia, ba Belge bakamufunga, akafia mu kifungo huku huku kwetu, Elisabethville, 1951. Lakini kanisa yake leo iko na lopitali kabisa kule Kinshasa, na banganga na laboratwari. Bale bana ba Kimbangu banaona hakuna vita kati ya ile bintu mbili, sasa huyu wa chumba ya maombi ya jana anapata wapi nguvu ya kukataza insulini?

Omonie_Mustaafu

@Mukatanga_Kamalondo hayo ya kakaye nayajua, na hapa yapo. Namba ya simu ya mugonjwa haina kazi kwa omonie. Mimi nilikuwa siandiki hata walichoniambia, nilikuwa naandika ku dosie "ametembelewa, anaomba padri", basi. Uliza kila mara anatumwa na nani. Lakini kusema pasta wote wangoje inje, hapo utakuwa umemuamulia mugonjwa sawa dada wa Mwana_Kadutu alivyomuamulia mama.

Mukatanga_Kamalondo

Hapo umenishika papa. Ntauliza mwenye kulala.

Mwana_Kadutu

Nimerudi bandugu, nilikuwa na mambo mingi. Nisimulie.

Shefu wa sale aliandika karatasi akabandika ku mulango, wageni wawili, sauti ya chini, hakuna mafuta wala maji ya kumwangia. Ule mumama wa jirani alisoma ile karatasi kwa sauti mara mbili 😂. Dada alikasirika, alisema ni shetani wa kizungu, lakini alikasirikia karatasi.

Omonie alikuya saa nne. Ni kijana kuliko nilizania, akavuta kiti ya plastiki, akaniangalia nikaelewa, nikaenda kununua mandazi. Nilikaa inje mupaka mandazi ikapoa. Alipotoka hakunieleza kitu, alisema tu mama amekubali nikuambie hii moja: uongee naye juu ya kitabu yake.

Kitabu gani? Nikaingia, nikamuuliza. Bandugu, mama yetu njo anashika pesa ya likelemba (muchango wa kupokezana kwa zamu) ya bamama ba kuuzisha sambaza (samaki kadogo) ku soko ya Kadutu. Hatukujua kama ni ye, tulijua tu anachezaka. Zamu ilikuwa ya mumama moja mwenye mutoto wake anangoja pesa ya masomo, na ile pesa yote iko kwetu ku nyumba, mu bidon ya plastiki chini ya maharagi, na kitabu ya majina iko mule mule. Mama anaogopa kutuambia juu tuko na fakitire, anasema "mungeikula". Na hajakosea, siapi kama tusingeikula. Njo sababu alikubali kufunga. Haikuwa juu ya pepo ya ukoo, hiyo hata hakuiamini, alizania akifunga atapona mbio arudi nyumbani atoe pesa ya batu mbele hawajaanza kumuita mwizi.

Nilienda, nikatosha bidon pale chini, nikabebea bamama pesa yao na kitabu pale pale kwa meza ya sambaza, mama ku simu yenye nimefungua sauti, anataja jina moja moja na bako nahesabu. Haikupunguka hata franka. Bamama walipojua ako ku lopitali gani bakakuya na michango yao, bawili bawili, karatasi ya mulango inaheshimiwa. Tangu ule usiku analala. Sukari bado inacheza kidogo lakini dokta amefurahi.

Kwa padri, mama alituambia wote watatu tukiwa pale: aje, lakini aje siku dada iko, na dada aimbe. Dada akalia. Sasa padri atakuya juma ingine. Mutumishi hajarudi, dada anasema iko na safari. Dada mwenyewe anaombaka sasa pole pole akimushika mama muguu ule muzima, ila bado anasema insulini ni kwa muda tu, hapo tunasikilizana ku nusu.

Fakitire ingali kubwa, tutaona. Swali yangu ya mwisho ni kwa @Anfirmie_Goma, banasema labda atatoka karibuni, pansema na insulini tutafanya namna gani ku nyumba? Hatuna frigo, na moto ya SNEL (kampuni ya umeme) munaijua.

Anfirmie_Goma

Oh asante kwa habari, nimefurahi sana, na huyo kijana omonie mumusalimie.

Insulini: chupa yenye hamujafungua wacheni santre de sante (kituo cha afya) ya karibu iwahifadhie mu frigo yao, wengi wanakubali mukiomba. Yenye mumefungua mutumie chungu mbili za udongo, ndogo mu kubwa, katikati mchanga wenye maji, juu mufunike na kitambaa kimelowa, muweke kwenye kivuli mahali upepo unapita. Isikae ku jua, isikae karibu na mbabula (jiko la makaa), na isigande. Muandike tarehe ya kufungua ku chupa, ikipita majuma nne mutupe hata kama imebaki.

Pansema musifanye wenyewe kwa sasa, apelekwe ku santre. Mama asitembee miguu bila viatu hata mu nyumba, na kila jioni mutu mwenye macho mazuri amutazame nyayo na katikati ya vidole, juu mutu wa sukari anaweza kukanyaga musumari asisikie. Hiyo kazi mpeni dada, amesha zoea kushika muguu. Sukari ipimwe na iandikwe, na siku hajakula, kabla ya sindano mupigie muuguzi simu kwanza, musijiamulie.

Sambaza ale, ni chakula kizuri kwake, ila bugali ipunguzwe, isiwe ile kipande kubwa ya mutu wa shamba.